Kitabu cha Kabati la Vioo

Kama hujawahi kukaa Kijiwe cha Bodi, pale Sogea, basi Tunduma umeipita tu, usiseme umefika. Kijiwe chenyewe ni mbao mbili za bodi la lori lililoungua zamani, zimelazwa juu ya ringi za matairi, na mbele yake malori yanayosubiri kuvuka yanasogea hatua moja kwa nusu saa. Dereva ana nafasi ya kushuka, kunywa kahawa, kubishana, kushindwa, na kurudi kwenye usukani bila mtu kumpita. Kahawa anachemsha Osea, Mnyiha wa Mbozi, ambaye kwa imani yake watu wote duniani wanakunywa maji ya majivu isipokuwa wateja wake. Wenye viti vya kudumu ni watatu. Kuna Damiano, tunamwita Kwacha kwa sababu anabadilisha fedha mpakani. Kuna Anania, tunamwita Wakili. Sheria hajasoma hata ukurasa, ila amebeba makaratasi ya mawakala wa forodha muda mrefu hadi yamemwingia kichwani. Na kuna Gasper, ndiye Tela, aliyevuta tela kutoka Dar mpaka Lubumbashi miaka ishirini na miwili, na sasa magoti yamemstaafisha. Asubuhi hiyo, baridi inauma masikio, Tela alikuja na kitu kimefungwa kwenye nailoni, amekikumbatia kifuani, akakaa bila kusalimia.

— Hati ya kiwanja hiyo? Wakili akauliza.

— Kitabu.

— Cha dini?

— Cha watoto. Kile cha kuwasomea wakienda kulala. Kina picha.

Kwacha akaanza kucheka, akamtazama mwenzake usoni, akaacha.

— Tela, una miaka sitini na tatu.

— Najua umri wangu. Osea, nipe cha moto.

Akapewa. Akanywa kikombe kizima kabla hajasema neno, na sisi tunaomjua tulielewa kwamba kuna jambo. Tela si mtu wa kuanza na kahawa. Huanza na matusi kwa serikali.

— Ketrina anavuka leo, akasema. Basi lake linaondoka Nakonde, ng'ambo Zambia, saa tano. Sasa hivi yuko sokoni na mtoto, ananunua mchele wa kupeleka Ndola. Watapita hapa kuniaga.

— Wiki tatu za binti yako zimeisha mara hii?

— Zimeisha. Na jana jioni nimeharibu.

Akaeleza. Jana jioni, mjukuu wake Angel, wa miaka minne, alikuwa anasumbua kulala. Tela akainuka, akafungua kabati la vioo sebuleni, akatoa kitabu alichokinunua Iringa mjini mwaka ambao Ketrina mwenyewe alikuwa na miaka mitano. Lori lilikuwa gereji siku hiyo, akaingia duka la vitabu kukimbia jua, akakiona, akakipenda. Basi jana akakitoa kwa furaha, akamnyooshea mjukuu. Ketrina akakizuia kwa mkono.

— Alisemaje? akauliza Osea.

— Alisema, "Baba, kirudishe. Asije akakizoea." Nikamwambia, mama, hiki kilikuwa chako. Akaniambia, "Mimi hicho nakijua jalada tu. Lina kuku watatu, mmoja mguu wake mmoja hauonekani, umejificha nyuma ya mlango. Ndani sikujui."

Wakili akainama kutazama kupitia nailoni. Akahesabu kuku.

— Kweli, mguu mmoja haupo.

— Sasa mimi nataka aondoke nacho, akasema Tela. Mama yake ana kifua, mimi magoti ndiyo haya, na safari ya Ndola si ya kila mwaka. Akivuka, kitabu kikabaki, ndiyo basi tena. Lakini siwezi kumwambia chukua wakati hata mimi sijui kina nini. Nisaidieni. Kitabu hiki kina nini ambacho mtoto angekipenda?

Sasa Kijiwe cha Bodi ukikiomba msaada umekwisha. Wakili alikwishakamata nailoni na kuifungua kwa kucha. Ilikuwa imeshikana kwa joto la miaka, ikatoka kwa sauti ya kuchanika, na kitabu kikabaki mikononi mwake, kipya kabisa, kinanuka duka. Akakifungua mapajani, watatu wakainama, na Osea akasogea na birika lake.

Maneno yalikuwa machache, mstari mmoja kila ukurasa. Bibi kizee anazunguka nyumbani kwake jua likizama, ana khanga moja. Anafika kwa kuku, anachana kipande cha khanga, anawafunika, anawaambia walale. Anafika kwenye chungu, anachana, anakifunika. Anakwenda kwa mbuzi, kwa jembe, kwa mtungi wa maji. Rangi zake za upole, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kila ukurasa jua linashuka kidogo nyuma ya mgomba.

— Nimeshaelewa, akasema Kwacha. Hii ni kushuka kwa thamani ya fedha.

— Usianze.

— Tazama khanga. Ukurasa wa kwanza inamfika miguuni. Hapa kwenye mbuzi imefika magotini. Hapa kwenye jembe imekuwa leso. Asubuhi una noti, jioni una karatasi. Ndiyo maana mtoto analala: mambo haya yanachosha. Hata mimi nikiwaza viwango vya leo nasinzia. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni kujaza, Kwacha. Huyu anamaliza.

— Ni haba na haba hiyohiyo, inarudi kinyumenyume.

Wakili akakohoa, kile kikohozi chake cha kufungua kesi.

— Ninyi hamkai na makaratasi. Mtu anayezunguka jioni anafunika mali, hapa mpakani tunamwitaje? Mbuzi amefunikwa. Chungu kimefunikwa, na ndani yake hatuonyeshwi. Haya ni magendo, ndugu zangu. Wanamfundisha mtoto taratibu, kwa rangi za upole, asishtuke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa upi?

— Utauona ukutani.

— Na rangi hizi kwa nini zimepauka? akauliza Kwacha. Wino uliwaishia?

— Wino ndio kesi yenyewe. Rangi hii imechanganywa dawa ya usingizi. Mtoto anageuza ukurasa, analamba kidole, anageuza tena, analamba. Kabla hajafika kwenye jembe amelala. Unadhani ni hadithi imemlaza? Hadithi gani hii haina hata fisi?

— Wa kwangu hakulamba, akasema Tela. Hakugeuza hata ukurasa mmoja.

Kwacha akaondoa mkono wake kwenye kitabu.

— Basi dawa yote bado imo.

— Yote, akasema Wakili. Na sasa naona jambo kubwa zaidi. Kwa nini madereva hawawasomei watoto wao? Kwa sababu dawa ingewaingia wao. Mtu anasoma jioni, alfajiri yuko kwenye kona za mlima na tani thelathini, dawa inapanda. Tela, wewe hukukosea. Umeokoa watu wengi barabarani. Ungestahili barua ya shukrani.

Siku nyingine Tela angecheka mpaka aiteme kahawa. Alikuwa anatazama ukurasa wa mbuzi, pembe mbili zimetokeza kwenye khanga, na mdomo wake ulikuwa unasoma polepole ule mstari mmoja.

— Nipeni mimi, akasema Osea.

Akaweka birika chini, akajifuta mikono kwenye koti mara mbili, akakipokea. Osea hasemi sana. Akageuza kurasa kutoka mwanzo, moja moja, mpaka tukadhani amesinzia kweli.

— Mama yangu alikuwa hivi, akasema. Kwetu kule karibu na Mbozi Misheni. Jioni anafunga banda la kuku, anawaambia laleni. Anafunika kahawa iliyoanikwa, anaiambia lala. Anafukia moto kwa majivu, anauambia nawe lala, kesho tutaonana. Mimi nimejilaza kwenye mkeka, namfuata kwa masikio. Kuku tayari. Kahawa tayari. Moto tayari. Bado mimi.

— Halafu?

— Halafu anakuja kwangu. Ndiyo utamu wake, hakuna kingine. Mtoto anajua zamu yake inakuja.

Akageuza ukurasa wa mwisho, akautazama, akamwekea Tela mapajani. Bibi amebakiwa na kipande cha khanga kisichozidi kiganja. Mtoto amejilaza kitandani, macho wazi, anamngoja. Kipande kile kimetosha miguu tu, na bibi amekishikilia kwa mikono yote miwili kisidondoke.

Tela alivua kofia.

— Miaka yote hii, akasema. Mimi nilidhani ni kitabu cha kuku.

Wakili hakupenda kesi imtoke namna ile. Akavuta kitabu, akapekua mbele na nyuma.

— Na baba wa mtoto huyu yuko wapi humu?

Wakatafuta. Nyuma ya mlango hayupo, chini ya mgomba hayupo.

— Yuko foleni, akasema Kwacha.

Alisema kwa mzaha, masikini, mazoea tu. Lakini lori lililokuwa mbele yetu lilitoa pumzi ya breki wakati uleule, na hakuna aliyecheka.

— Nilikuwa namkuta amelala, akasema Tela. Naingia amelala, naondoka amelala. Nani alikuwa anamlaza, kwa maneno gani, sijawahi kuuliza.

— Lakini mkeo Nesta si anajua kusoma? Kwacha akauliza. Anasoma Biblia kanisani namsikia. Kwa nini yeye hakumsomea mtoto?

Tela akazungusha kikombe kitupu.

— Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

— Uliuweka wapi?

— Kwenye pete moja na wa lori.

Wakili akakirudisha kitabu mapajani mwa Tela.

— Yaani kabati limefungwa hapa Sogea, akasema Kwacha taratibu, na ufunguo uko Lubumbashi.

— Lubumbashi, Kitwe, Dar. Popote nilipo. Nilikuwa nawaza, nikiuacha, watoto watakishika, watakirarua, wataandikaandika. Kilikuwa kitu kizuri, mjue. Nyumba nzima tulikuwa na vitu vizuri vinne: seti ya vikombe vya wageni, saa ya mezani, cheti cha ndoa, na hicho. Nikasema, akikua na akili ya kutunza, nitampa. Nikirudi nafungua kwa ajili ya wageni, nafuta vumbi, nafunga. Naye anasimama pale mbele ya kioo, anatazama. Nikaona, huyu mtoto ana adabu, hagusi.

— Kitunze kikutunze, akasema Kwacha, kumfariji.

— Nimekitunza. Kimenitunza nini?

— Akiba haiozi, Tela.

— Ona huyu, akasema Tela. Mtoto aliyewekewa ana miaka thelathini na moja.

Osea akamimina bila kuombwa. Halafu Kwacha, ambaye asubuhi nzima alikuwa mwingi wa maneno, akaanza kusema kwa sauti ya chini, macho yake yako kwenye foleni.

— Mimi nilimnunulia mwanangu Gwamaka baiskeli. Nyekundu. Nikaona huku kuna matope, itaharibika, nikaitundika ukutani na makaratasi yake. Nikamwambia tukihamia nyumba yenye uwanja utaendesha. Siku naishusha, magoti yake yanagonga usukani. Alinishukuru, lakini. Alisema asante baba.

— Sofa langu bado lina nailoni, akasema Wakili.

— La mwaka gani?

— Usiniulize mwaka.

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mali zote za dunia zinapita mbele ya mlango wako, zinakwenda kwa wengine, na ukijaliwa kushika kitu kimoja kizuri unakifungia nacho kisipite. Usitucheke. Nawe una kitu umekiweka juu ya kabati.

— Sasa tuache kulia, akasema Wakili. Binti anakuja. Tela atamwambia nini? Mimi nashauri tamko. "Kwa kuwa kitabu hiki ni mali halali ya familia, na kwa kuwa mwenye nacho amekitunza bila doa..."

— Atakirudisha pamoja na hilo "bila doa" lako, akasema Kwacha. Mimi nasema, Tela, usimwambie. Kichomeke katikati ya mchele. Atafika Ndola anapika, anakutana nacho. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hayo sasa ndiyo magendo yenyewe.

— Mwambie ulikosea, akasema Osea.

Tela akamtazama.

— Tu?

— Tu. Mwambie, mama, nilikosea, chukua akichafue mtoto.

Tela alilirudia neno hilo kimoyomoyo, midomo inacheza. Alikuwa amewahi kubishana na askari wa nchi tatu, amelala porini na injini iliyokufa, hakuogopa. Neno hili aliliogopa. Akalirudia tena, safari hii kwa sauti: nilikosea, chukua akichafue. Akajaribu mara ya tatu na likatoka laini, na Osea akaitikia kwa kichwa kwamba limekaa sawa. Tela akavaa kofia yake, akaketi wima, kitabu mapajani, kimefunguliwa kwenye mbuzi.

Hawakukawia. Ketrina alitokea kati ya malori mawili, mkoba begani, kitenge kimefungwa vizuri kwa safari. Mchele ulikuwa umeshatangulia mpakani kwenye guta la matairi matatu, na mama yake Nesta ameusindikiza. Angel alikuwa mbele, andazi mkononi, lingine mdomoni, anaruka madimbwi.

— Shikamooni, akasema Ketrina.

— Marahaba, mama. Safari imewadia?

— Imewadia, baba zangu. Angel, salimia.

— Mulishani, akasema Angel, kama wanavyosalimiana kwao Ndola.

— Bwino, kijiwe kizima kikamjibu, na mtoto akacheka kwa kuona wazee wanajua lugha yake.

Ketrina alikiona kitabu. Akaona pia nailoni iliyochanika chini ya ubao. Hakugeuza uso, na Tela aliliona hilo. Akasafisha koo.

— Ketrina, mwanangu. Nina neno.

— Nakusikiliza, Baba.

Wakili akashika goti la Kwacha. Na hapohapo Angel, ambaye hana habari na neno la mtu, alipanda kwenye bodi, akajisogeza ubavuni mwa babu yake, akaona mbuzi amefunikwa khanga na pembe zinachungulia. Akacheka cheko la tumboni. Akapeleka kidole kwenye pembe.

— Mikono, akasema Tela.

Hakukusudia. Naapa hakukusudia. Lilitoka lenyewe, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshakisogeza kitabu mbali, upande wa pili, juu, pale mtoto hafiki. Lilitoka kwa sauti ileile ya sebuleni, ya mtu aliyerudi safari anafuta vumbi kwenye kioo.

Angel akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Yote miwili, na andazi lake.

— Hapana, akasema Tela. Hapana, mama, si hivyo. Shika. Shika tu, mjukuu wangu. Ni chako. Haya, shika.

Akakishusha, akamwekea mapajani. Mtoto alimtazama mbuzi kwa hamu, akainama karibu, lakini mikono haikutoka.

— Ina mafuta, Babu.

— Haidhuru. Paka mafuta. Paka popote.

Angel akamtazama mama yake. Ketrina alikuwa amesimama vilevile, mkoba begani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia wimbo alioujua zamani. Hakukasirika. Tela angeomba akasirike.

— Ulikuwa na neno, Baba, akasema.

Lile neno alilolifanyia mazoezi mara tatu halikuwepo. Nilikosea gani utaisema wakati umekosea tena mbele yake sasa hivi? Akasema safari njema, wasalimie Ndola, mwambie mumeo mahindi mwaka huu ni mazuri. Akasema mambo kama hayo.

— Tutapiga simu tukifika, akasema Ketrina. Akainama, akamshika baba yake mkono kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaaga wazee mmoja mmoja. Angel akateremka kwa makalio, bila kushika kitu, akakiacha kitabu pale alipokuwa amekaa. Wakaanza kuelekea mpakani.

Hatua kumi hivi, mtoto akasimama. Akageuka, uso wake umekunjamana kwa mawazo, akatazama kijiwe, akatazama kitabu.

— Babu, akasema. Sasa kama hakishikwi, kinasomwaje?

Ketrina naye akasimama. Hakumjibu mwanawe. Akamgeukia baba yake, ajibu yeye.

Osea alitazama birika. Kwacha alitazama foleni. Na Tela alikaa na kitabu kando yake, kiko wazi kwenye mbuzi, na miaka thelathini na moja ya binti yake imesimama pale barabarani inamngoja. Ketrina alingoja. Alingoja kuliko tulivyotegemea, lori likasogea, na jingine likasogea nyuma yake. Kisha akamshika mtoto mkono wenye mafuta, wakaenda.